Namna ya kuitazama La Règle du jeu na watu mtakaobishana nao

Tenga saa tatu. Filamu yenyewe ni dakika 106, lakini ubishi wake hauishi kwa nusu saa, na mtu aliyekatizwa katikati ya hoja huondoka na donge. Mimi huianza saa tisa alasiri siku ya Jumapili, chai ya tangawizi ikiwa imeshatiwa kwenye chupa na maandazi yamefunikwa, ili asiwepo wa kuingia jikoni wakati wa kipande cha uwindaji. Nimeionyesha sebuleni kwangu hapa Orléans, Ufaransa, mara sita, kwa watu mbalimbali, na mara zote sita wamegawanyika. Ninayoyaandika nimeyaokota humo.

Ni filamu ya Jean Renoir ya mwaka 1939, na jina lake maana yake ni kanuni ya mchezo. Renoir alikuwa mtoto wa mchoraji Pierre-Auguste Renoir, na mwaka 1937 alikuwa ametoa La Grande Illusion, filamu iliyopendwa mno. Hii ya 1939 ni hadithi ya kundi la matajiri wa Paris waliokwenda shamba kuwinda, pamoja na watumishi wao, wote wakidanganyana kwa adabu kubwa mpaka mtu anakufa. Inachekesha kweli. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10 ni filamu zipi bora kuliko zote. Hii ilikuwa ya 10 mwaka 1952, ikapanda hadi ya pili mwaka 1972, na mwaka 2022 ilikuwa ya 13. Na bado kila nikiionyesha huwa yupo mtu mwenye akili timamu anayesema ameona watu wakikimbizana vyumbani tu. Siamini kwamba mtu huyo ni mjinga. Kazi yako mwenye nyumba si kumgeuza. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba anabishana juu ya kitu alichokiona kwa macho yake, na wenzake vilevile.

Kwa hiyo usianze kwa kuisifu. Mara ya kwanza nilifanya kosa hilo, katika ukumbi mdogo wa mtaa, mbele ya watu 12. Nilisimama nikaeleza kwa dakika 20 kwamba hii ni moja ya filamu kubwa za dunia. Wakaitazama kama watu waliokaa chumba cha mtihani. Taa zilipowashwa hakuna aliyesema neno, na mama mmoja mtu mzima alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, labda sisi hatukusoma vya kutosha." Neno lile liliniumiza kwa wiki nzima. Tangu siku ile sifa nazifungia kabatini hadi chai ya pili.

Sema mambo mawili tu kabla ya kuwasha. La kwanza ni tarehe: filamu ilioneshwa Paris kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 1939, na wiki nane baadaye Ulaya ilikuwa vitani. Usieleze zaidi. Watu wataibeba tarehe hiyo wenyewe, nayo itawafanyia kazi kuliko hotuba yako.

La pili ni nani ni nani. Hapa ndipo watazamaji wengi hupotea, kwa sababu katika robo saa ya mwanzo unaletewa watu kama kwenye harusi ya upande usiokuhusu, kila mmoja anamjua mwenzake isipokuwa wewe. Mimi huchukua karatasi nikapiga mstari katikati. Juu ya mstari naandika Robert de la Chesnaye, Marquis, yaani mwenye cheo cha ukoo bora, mwenye kasri la La Colinière katika nchi ya misitu ya Sologne, mkusanyaji wa midoli na vinanda vya mashine. Mkewe Christine, Mwaustria, binti wa kiongozi maarufu wa okestra wa Salzburg. Geneviève, hawara wa Robert. Na André Jurieux, rubani aliyevuka Atlantiki kwa ajili ya Christine na kuwa shujaa wa taifa. Chini ya mstari naandika Lisette, mtumishi wa chumbani wa Christine. Schumacher, mume wa Lisette, mlinzi wa mawindo. Na Marceau, jangili wa sungura ambaye Robert anampa kazi ndani ya nyumba. Juu ya mstari wenyewe, si juu wala chini, namweka Octave. Huyu ni rafiki wa wote, hana fedha, analala anapopata kitanda, na anayemwigiza ni Renoir mwenyewe. Karatasi hiyo naiacha mezani. Watu huirudia mara nyingi, na zamani kidogo binti mmoja wa Bukavu aliichukua akachora mishale ya nani anampenda nani mpaka haikusomeka tena.

Upande wa nakala, chagua ile ya dakika 106, na usikubali fupi zaidi. Baada ya watu kuipigia kelele, Renoir aliikata na kuikata tena, ikafika dakika 80 na ushei. Kisha mkanda wake wa asili ukateketea katika mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliofufua kazi hii ni Wafaransa wawili, Jean Gaborit na Jacques Durand, waliokusanya makopo ya vipande yaliyosalia na kuyaunga miaka ya 1950, Renoir mwenyewe akiwasaidia. Ikaoneshwa Venice mwaka 1959. Renoir alisema kilichokosekana ni kipande kimoja kidogo tu. Kwa hiyo unapotazama dakika 106, unatazama kitu kilichoshonwa upya kwa uvumilivu wa watu walioipenda, na kina urefu kuliko kile walichokizomea watu wa 1939. Mimi naazima diski maktaba ya mjini.

Kuhusu lugha: wahusika wanaongea haraka, na mara nyingi wawili watatu kwa pamoja. Mimi nafanya kazi kwa Kifaransa kila siku, lakini huwasha maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na sioni aibu. Asiyejua Kifaransa mkalishe karibu na anayejua, amnong'oneze. Mzee wetu wa Buyenzi, Bujumbura, ana sauti nzuri ya kunong'oneza. Huwa nampangia kiti mapema.

Sasa, wapi pa kusimamisha. Watu wa sinema watakuambia filamu haisimamishwi. Mimi nasimamisha mara mbili, kwa dakika moja moja, kwa sababu nimeona kwamba usiposimamisha hapo watu wanabaki na kitu kooni na hawaoni kinachofuata.

Mara ya kwanza ni mapema sana. Robert anamwonesha mkewe kitu kipya alichonunua, mdoli wa mashine wenye umbo la mwanamke mweusi, na anautaja kwa neno la dharau la Kifaransa la zama zile kwa mwanamke mweusi, kwa upole kabisa, kama anayetaja aina ya kikombe. Sebuleni kwangu wote ni weusi. Neno lile linaingia chumbani kama mtu asiyebisha hodi. Mara ya pili nilipoionyesha nililiacha lipite, na binti wa Bukavu akakaa saa nzima mikono imekunjwa, baadaye alisema, "Shangazi, toka pale sikuona kingine." Siku hizi nabonyeza kitufe, nawaacha waseme. Shemeji yangu husema Renoir aliliweka neno hilo kwa makusudi ili tumwone Robert alivyo, mtu anayependa vitu vinavyojiendesha na visivyomuuliza swali. Binti husema makusudi au si makusudi, aliyeandika hakutufikiria sisi kama watazamaji. Nami naona hoja zote mbili zina uzito, ila ya binti ni lazima isemwe kwa sauti kabla ya kuendelea. Ikishasemwa, anatazama mpaka mwisho, na hakuna anayeona mambo mengi kama yeye.

Mara ya pili ni jikoni. Hapa nisamehewe nikikaa kidogo, maana mimi ni mpishi, napika katika nyumba ya kulelea wazee, na kipande hiki nakijua kama ninavyoujua mkono wangu.

Watumishi wamekaa mezani wanakula. Wana mpangilio wao wa nani akae wapi, na wanausimamia kwa ukali kuliko mabwana zao wa juu. Wanamsengenya Robert: mama yake alikuwa binti wa mtu aitwaye Rosenthal, aliyekuja kutoka Frankfurt. Maana yake: bwana wetu ana damu ya Kiyahudi, si wa hapa. Ndipo mpishi mkuu anatokea. Anatumia neno métèque. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kutafsiriwa hilo, tunalo letu: wakuja. Anasema, huyo La Chesnaye, pamoja na uwakuja wake, aliniita juzi kunigombeza kwa sababu ya saladi ya viazi. Ili saladi ile ilike, mvinyo mweupe lazima umwagiwe viazi vikiwa bado vinachemka, na msaidizi wake hakufanya hivyo kwa kuwa hapendi kuungua vidole. Bwana aligundua hapo hapo. Na mpishi anahitimisha: semeni mtakavyo, yule ni muungwana.

Nasimamisha hapo na kuwaambia ninachokijua kwa kazi yangu. Mpishi yule anasema kweli. Kiazi kikiwa cha moto kinanyonya. Kikipoa kinajifunga, na utakachomimina kinabaki juu kama mvua juu ya jiwe. Mimi mvinyo siugusi mdomoni, lakini kila Alhamisi naumimina juu ya viazi vya moto na vidole vyangu vinaungua kweli. Kwa hiyo aliyeandika sentensi zile aliwahi kusikiliza wapishi wakiongea. Halafu nawauliza wageni wangu: je, mpishi amemtetea bwana wake, au amemtukana? Usijibu wewe. Waache. Nimesikia majibu manne tofauti kwa swali hilo moja, na hata sasa mzee wa Buyenzi na shemeji hawajakubaliana. Mzee anasema mpishi amemkubali Robert kwa kuwa ni fundi mwenzake wa kuonja. Shemeji anasema ndivyo ubaguzi unavyofanya kazi: unamwacha mmoja apite kwa kipaji chake ili mlango ubaki umefungwa kwa wengine.

Na hapo ndipo pa kuwaambia habari ya mwigizaji, kwa kifupi. Robert anaigizwa na Marcel Dalio, Myahudi, jina lake la kuzaliwa Israel Moshe Blauschild. Wapo watu mwaka 1939 waliochukia kumwona Myahudi akiigiza mtu wa ukoo bora wa Ufaransa. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia, Dalio akakimbia, na picha yake ikabandikwa kwenye mabango yao kama mfano wa sura ya Myahudi. Alifika Marekani. Ukiwahi kutazama Casablanca, yule anayesimamia meza ya kamari katika mkahawa wa Rick ni yeye. Sema hayo, kisha bonyeza iendelee. Watu watamtazama Robert kwa jicho jingine.

Kipande cha uwindaji usikiguse. Usisimamishe, usiseme, usipitishe sahani. Wafukuzaji waliovaa makoti meupe wanatembea msituni wakigonga miti kwa fimbo, sungura na ndege wanatoka mbio, na mabwana na mabibi wanawasubiri upande wa pili na bunduki. Kabla ya hapo kamera ya Renoir ilikuwa ikienda taratibu, ikifuata watu mlango hadi mlango. Hapa ghafla picha zinakuwa fupi fupi, kali. Wanyama wanakufa kweli. Sungura wa mwisho ananyoosha mwili, anakunja miguu ya mbele kifuani, basi. Mwambie mapema mwenye watoto kwamba kipande hicho kipo.

Kazini kwetu kulikuwa na mzee mmoja Mfaransa, mzaliwa wa Sologne, ambaye baba yake alikuwa akilipwa kufukuza mawindo kwa ajili ya matajiri waliokuja kutoka Paris. Nilipomwambia naipenda filamu hii alikasirika. Alisema sehemu kubwa yake ni upuuzi, watumishi hawakuwa na muda wa kukimbizana na wapenzi, walikuwa wamechoka. Lakini kuhusu uwindaji alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Fimbo ndivyo zilivyolia." Tangu siku ile, zile fimbo zikianza, nainua sauti ya televisheni kidogo.

Baada ya hapo filamu inashuka mlima bila breki: tamasha la usiku, ngoma ya mifupa kwa muziki wa Saint-Saëns, kinanda kinajipiga chenyewe, Schumacher anamkimbiza Marceau kwa bastola katikati ya wageni wanaodhani ni sehemu ya onyesho. Robert anamwambia mkuu wa watumishi, Corneille, akomeshe kichekesho hiki. Corneille anauliza: "Kichekesho kipi, Bwana Marquis?" Chumba kizima hucheka hapo, hata wale walioapa hawatacheka. Kama kuna mahali pa kupima ikiwa wageni wako wameshika mambo, ni hapo: asiyecheka amepoteza uzi, mnong'oneze yuko nani wapi.

Ninachokiomba mkitazame kwa makini zaidi ni uso wa Robert anapowafunulia wageni kinanda chake kikubwa cha mashine, chenye taa na vinyago. Kamera inapita juu ya vinyago, kisha inamfikia yeye amesimama pembeni. Anajivuna, anaona haya, anataka kupigiwa makofi na anaogopa kuchekwa, vyote katika uso mmoja. Mimi nilikuja kumpenda Robert hapo, na tangu siku hiyo sijaweza kumchukia kabisa hata anapostahili. Hayo ni yangu. Nayasema chai ya pili, si kabla.

Filamu ikiisha, usiulize "mmeionaje?" Swali hilo linaleta majibu ya heshima. Uliza: nani aliyemuua rubani?

Wanajua wote nani alifyatua risasi. Schumacher anamwona gizani mwanamke aliyevaa kofia na joho la mkewe Lisette, pamoja na mwanamume. Anadhani ni Octave na Lisette. Kumbe mwanamke ni Christine, na anayekuja mbio kumfuata ni Jurieux, amevaa koti la Octave. Anaanguka kama sungura. Lakini swali linawafungua. Mmoja atasema muuaji ni Octave, kwa kumvalisha mwenzake koti na kumtuma mahali pake. Mwingine atasema ni Lisette, aliyemwambia Octave kwamba ni mzee na hana fedha za kumtunza Christine, akamkatisha tamaa. Shemeji husema ni Jurieux mwenyewe: mtu anayetua uwanja wa Le Bourget, taifa zima linasikiliza redioni, naye anatangaza kwamba mwanamke aliyemrukia bahari hakuja kumpokea, huyo ameshavunja kanuni tangu dakika ya tatu. Binti wa Bukavu husema ni nyumba. Nilipomuuliza ana maana gani alisema, "Nyumba ambayo kila mtu anasamehewa, lazima atafutwe wa kulipa."

Mzee wa Buyenzi hukaa kimya muda mrefu, kisha hukumbusha maneno ya Octave, kwamba jambo la kutisha duniani ni kuwa kila mtu ana sababu zake. Kwake hiyo ndiyo filamu nzima, na anaona ni huruma. Binti anaona ni kisingizio. Hapa ubishi huwa mkali, na hapa usiuzime. Ila uwe na sharti moja, nami nalisimamia kwa ukali kama wale watumishi na viti vyao: kila anayetoa hoja ataje kipande. Asiseme "filamu inawatetea matajiri." Aseme, "pale Robert anapomwambia Schumacher hataki uzio na pia hataki sungura." Hapo mwenzake ana cha kujibu. Ukiliacha sharti hili, baada ya dakika kumi mtakuwa mnabishana juu ya Ufaransa, juu ya ukoloni, juu ya nani amesoma wapi, na filamu imebaki peke yake kwenye kioo.

Wakishachoka kidogo, mimina chai ya pili, ndipo uwasimulie ya 1939. Ukumbini walipiga kelele na miluzi. Renoir alisimulia kwamba alimwona mtu akiwasha gazeti ili achome kiti. Oktoba ya mwaka huo, vita ikiwa imeshaanza, serikali ya Ufaransa iliipiga marufuku kwa madai kwamba inavunja watu moyo na ni mbaya kwa vijana. Filamu inayojitambulisha mwanzoni kabisa kwamba ni burudani tu, haina nia ya kuchambua mwenendo wa watu! Waulize wageni: waliokasirika waliona nini? Aliyekuwa amesema haoni cha maana mara nyingi huamka hapo, kwa sababu sasa anajua kwamba hayuko peke yake, na kwamba kuchukia kwake kuna historia. Mimi nadhani waliozomea walielewa vizuri kuliko wengi wanaoisifu leo. Walijiona. Shemeji hapatani nami hapa hata kidogo. Anasema walizomea kwa sababu walilipa kuona kichekesho wakapewa maiti, na mtu ana haki ya kudai alicholipia. Nimelifikiria jibu lake mara nyingi na sijalipata la kulipindua.

Kisha rudisha dakika mbili za mwisho, mzitazame tena bila kusema. Robert yuko kwenye ngazi, anawaambia wageni kwamba imetokea ajali ya kusikitisha, mlinzi wake alidhani anaona jangili akafyatua risasi, kama ilivyo haki yake. Anawaomba waingie ndani, baridi isiwapate. Mgeni mmoja, Saint-Aubin, anabeza kwamba hiyo ni maana mpya ya neno ajali. Jenerali mzee anamkatiza: hapana, La Chesnaye ana hadhi, na watu wa hivyo wanaadimika. Vivuli vinapita ukutani, wanaingia. Waliotazama mara moja humwona Jenerali ni mpumbavu. Mara ya pili huwa wanageuka kunitazama.

Kama mnaweza, itazameni yote tena baada ya wiki, na mbadilishane: aliyemtetea Robert amfuate Schumacher tu, kila anapoonekana, aliyesimama na watumishi amfuate Christine. Ni zoezi gumu. Binti wa Bukavu alilifanya, akarudi na jambo ambalo wote hatukuliona: Christine, aliye mgeni kwa lugha na kwa kabila, ndiye pekee asiyeambiwa kanuni ni zipi. Zile darubini anazopewa baada ya uwindaji ndizo zinazomwonesha mumewe amemkumbatia Geneviève, na hata hapo anakosea, maana walikuwa wanaagana.

Na mkiwa karibu na Orléans, pandeni treni ya kwenda La Ferté-Saint-Aubin. Ni kama kilomita 20 kusini. Kasri lililopigwa picha za nje lipo, la matofali mekundu na mawe, maji yakilizunguka, nalo linafunguliwa kwa wageni. Msiende kutafuta vile vyumba vyenye milango mingi. Vya ndani vilijengwa studio. Nendeni vuli, majani yakiwa yanaanguka, na vaeni nguo ya rangi ya kung'aa mkitembea pembeni ya msitu, kwa kuwa Sologne wanawinda mpaka leo.

Tulikwenda watatu Oktoba iliyopita, mzee, binti na mimi, na maandazi kwenye mfuko. Mzee alipanda ngazi za mbele polepole, akageuka, akatutazama sisi wawili tuliobaki chini uani.

"Mtu akisimama hapa," akasema, "hahitaji kupaza sauti. Wote wanamsikia."

"Ndiyo maana simsamehe, mzee," binti akamjibu.

Mzee akashuka, akamshika mkono, na wakabishana mpaka kituoni.